Barua kwa mwanangu: kile kikopo cha krimu

Mwanangu Zuhura,

Picha uliyotuma nimeiona. Hapo ndani ya kiwiko pamekuwa peusi na kukomaa kama goti. Mwenzako wa hosteli akikwambia ni uchafu, mpuuze. Ni kujikuna kwa muda mrefu. Dodoma ni kukavu, tena na ule upepo, pumu ya ngozi lazima ikuandame kuliko ulipokuwa huku Tanga.

Kilichonitia wasiwasi ni hicho kikopo kisicho na lebo. Unasema kimekupoza. Kitaacha kupoza vipi? Krimu za kuchanganya mara nyingi hutiwa klobetasoli, na hiyo ni katika steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zilizo kali kabisa za kupaka. Ukiizoea bila kipimo, ngozi inakuwa nyembamba, inaota michirizi, na ukiacha ghafla muwasho unaweza kurudi kwa kishindo. Usoni usiiguse.

Ila usije ukazikimbia steroidi zote. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni nyepesi. Betamethasoni ina nguvu zaidi, ni ya mikono na miguu, kwa muda atakaokuandikia daktari. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada, kutoka kiungo cha mwisho hadi nchani. Hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wengi hupaka kiduchu kwa woga, halafu wanasema dawa haifai.

Mafuta ni ya kila siku, hata ngozi ikitulia. Vaseline isiyo na manukato inatosha. Oga maji ya uvuguvugu, usikae sana bafuni, achana na sabuni za dawa, kisha paka ngozi ikiwa bado mbichimbichi. Vile vidonge vya mzio vya shangazi yako vitakusinziza darasani tu, muwasho huu haviuwezi sana.

Ukiona usaha, ukoko wa njano, au malengelenge yanayouma pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama wiki mbili za krimu ya daktari hazijaleta nafuu, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Wao wana takrolimusi, ya kupaka isiyo steroidi, wana tiba ya mwanga, na methotreksati kwa hali ngumu, ambayo lazima upimwe damu na usiwe na mimba.

Ulizia bima ya chuo inalipia nini, unijibu kabla ya Ijumaa nikutumie pungufu.

Baba yako