Hodi Isiyoitikiwa

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Mama Baraka mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Natumaini nyote hapo Singida hamjambo na kwamba mguu wa mama umepata nafuu. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Barua hii yenyewe inahusu ukimya wangu, na wewe ndiye uliyefanya kazi nami kwa karibu kiasi cha kuweza kuniambia kweli.

Yule kijana niliyekueleza, aliyeanza kazi kitengoni kwetu miezi saba iliyopita, aliniletea Jumatano barua ya kuomba kuhamishiwa kitengo kingine. Ameiandika kwa heshima kubwa, tena kupitia kwangu, kwa hiyo natakiwa niandike maoni kabla haijaenda kwa mkurugenzi. Nilimwita nikamwuliza sababu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alidhani ningefurahi akiondoka.

Neno hilo limenichoma. Akanieleza kwamba rasimu ya taarifa ya robo mwaka ilikaa kwangu wiki mbili bila neno lolote, na kwamba usiku nilipomtumia ujumbe wa "Kesho asubuhi uje ofisini kwangu," hakupata hata lepe la usingizi. Asubuhi ile nilitaka tu kumkabidhi faili la safari ya Kongwa. Na rasimu yake ilikuwa nzuri. Niliipeleka juu kama alivyoiandika, bila kubadilisha hata nukta. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa heshima: sikuingilii kwa sababu nakuamini. Sikuwahi kumwambia.

Binti yangu alikuja likizo na madaftari yake ya saikolojia, nami nikayasoma mpaka usiku. Daktari Mwingereza, John Bowlby, alieleza kwamba mtoto hujifunza mapema, kutokana na jinsi mlezi anavyomwitikia, kama watu wanategemeka ama la, na matarajio hayo huenda naye ukubwani. Mwenzake, Mary Ainsworth, aliwachunguza akina mama na watoto wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala miaka ya 1950, kabla ya kuendelea na kazi hiyo Marekani. Nilifarijika kuona kwamba jambo hili lilitazamwa kwanza katika nyumba zinazofanana na zetu, ambamo mtoto hupokewa na mikono mingi. Kisha mwaka 1990, Cindy Hazan na Phillip Shaver walilifuatilia hadi kazini. Waliona kwamba watu wenye wasiwasi katika mapenzi huogopa kukataliwa wakikosea kazi, na kwamba wanaojiepusha na ukaribu huitumia kazi yenyewe kama mahali pa kujificha wasikutane na watu. Hapo nilifunga daftari, Mama Baraka. Nilijiona.

Unajua nimelelewa na bibi kule Kondoa, mama akiwa kazini mbali, halafu nikapelekwa bweni. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Alinifungia karanga kwenye upindo wa khanga na uji ulikuwa tayari kabla ya jogoo, lakini sikumbuki akiniambia kwamba nimefanya vizuri, na sikuona pengo, kwa sababu mikono yake ilikuwa inasema. Simlaumu hata kidogo. Kosa ni langu, kwa kudhani kwamba kila mtu anaweza kusoma mikono.

Ninapoitazama miezi hii saba, naona tulivyokuwa tukivutana bila kujua. Alikuwa akileta kazi, kisha akirudi kuuliza kama imefika, kisha akiuliza kama kuna marekebisho, nami nilichoka na maswali nikaanza kumjibu kwa neno moja au kufunga mlango. Kadiri nilivyojitenga ndivyo alivyouliza, na kadiri alivyouliza ndivyo nilivyojitenga. Nilimwona hajiamini, kumbe yeye aliniona simtaki.

Binti yangu alimwita "mwenye wasiwasi", nikamkataza, kwa kuwa sipendi mtu apachikwe jina kama lebo ya chupa. Kijana huyu bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, na mimi ndiye nitakayependekeza athibitishwe kazini au la. Mtu wa namna hiyo ana sababu halisi ya kuogopa ukimya wa mkuu wake, hata kama utoto wake ulijaa mapenzi. Tena nimemwona kule masjala kwa bi mkubwa, ambaye harudishi faili bila kumwambia mtu jambo: kijana anacheka, anauliza mara moja na kuondoka. Tatizo liko kati yake na mimi, na mwenye cheo ni mimi.

Alhamisi nilimrudishia dokezo nikiwa nimeandika pembeni kwamba hoja yake ya pili imenisaidia. Alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, akaondoka bila kuuliza kitu. Mstari mmoja tu! Nimekuwa mkuu wa kitengo miaka sita, na sijui ni wangapi wengine niliowanyima mstari huo.

Sasa nimekwama kwenye maoni. Nikikataa ombi lake, ataona namwadhibu. Nikilipitisha, ataona nimethibitisha kwamba nilitaka aondoke. Tulipokuwa ofisi moja, uliwahi kuniambia kwamba kufanya kazi nami ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ambayo unasikia watu ndani, lakini hakuna anayeitikia karibu. Siku ile nilinuna. Leo naomba uniambie yaliyobaki. Wewe ulivumiliaje? Ulipokuwa mgeni pale, ulifikiri sikupendi? Je, nimweleze kijana habari za bibi na bweni, au huo utakuwa ni mzigo mwingine nimembebesha? Wewe afisa utumishi, ungemshauri mkuu aandike nini hapo chini, na je, ni halali kumwomba kijana aichukue barua yake, afikiri tena, bila yeye kuhisi kwamba nimemshurutisha?

Nijibu mapema, tafadhali. Leo ni siku ya tano barua yake iko mezani kwangu, na najua anahesabu.

Wako akupendaye,
Mama Neema