Ukienda Bethpage, cheza Black

Kwako ndugu yangu Salum,

Salaam nyingi. Nimefurahi kusikia kwamba Agosti utakuwa New York na kwamba fimbo unazibeba. Basi usiondoke bila kucheza Black, uwanja wa gofu wa pale Bethpage, Farmingdale, Long Island.

Huku kwetu tumezoea uwanja mzuri kuwa wa wanachama. Ule uko ndani ya bustani ya serikali ya jimbo: viwanja vitano vyenye majina ya rangi, na anayelipa anacheza. Mgeni hulipa zaidi kuliko mkazi wa jimbo, na nafasi za mtandaoni zikiisha watu hulala kwenye magari yao pale maegesho wakingojea foleni ya alfajiri. Wala hakuna gari la gofu, mashimo yote 18 ni kwa miguu, na vilima vyake si vya mchezo. Punguza mkoba. Fimbo 10 zitakutosha, weka maji badala ya zile nne zinazobaki kati ya 14 za kawaida.

Black ulifunguliwa 1936, na mchoro wake unahesabiwa kuwa wa A. W. Tillinghast, mbunifu wa viwanja vya gofu. Karibu na tii ya kwanza, yaani mahali pa kupigia mkwaju wa kuanza, kuna kibao kinachoonya kwamba uwanja ni mgumu mno na unawafaa wenye ujuzi mkubwa tu. Kibao kinasema kweli. Kwenye mashindano makubwa ya US Open ya 2002, Tiger Woods peke yake ndiye aliyemaliza chini ya par (idadi ya mikwaju inayotarajiwa), kwa mikwaju mitatu. Kwa hiyo tii za nyuma kabisa, zenye zaidi ya yadi 7,400, waachie wenyewe. Cheza tii nyeupe. Kuna mashimo ambayo mpira wa kwanza lazima uvuke majani marefu ndipo ufike kwenye njia (ukanda wa nyasi fupi), na ukianzia nyuma utapoteza mipira kabla hujaanza kufikiri.

Na kufikiri ndiyo kazi yenyewe pale. Grini nyingi, zile nyasi laini zenye kitundu na bendera, ni tambarare kiasi, zinakubali mpira kuviringishwa bila hila. Ugumu wote uko njiani: Tillinghast ameyalaza mabanka (mitego ya mchanga) kimshazari, ili kadiri unavyothubutu kuvuka mchanga mrefu ndivyo mkwaju unaofuata unavyokuwa mwepesi. Shimo la 5 linaonyesha hilo kuliko yote. Banka kubwa liko kulia, na moyo unakuvuta kushoto kwenye usalama. Ukienda kushoto sana, miti inakuziba na grini iko juu huioni vizuri. Chagua sehemu ya banka unayoiweza kwa uhakika, upite hapo hapo.

Shimo la 4, ambalo par yake ni mikwaju mitano, ndilo zuri kuliko yote, na picha haziwezi kukuonyesha ukubwa wa banka linalokata mteremko mbele yako. Mkwaju wa kwanza ukiangukia majani marefu, usijaribu kulivuka. Toa mpira kwa weji, fimbo ya kuinua mpira juu, urudi njiani. Ukiwa njiani, vuka upande wa kushoto na ujibakizie yadi 80 hadi 100, kwa sababu grini inainamia nyuma: mpira unaofika chini chini na kwa kasi hupitiliza. Mpira unahitaji kushuka kutoka juu.

La 8 linateremka kuvuka bwawa, halina maneno mengi. Mashimo ya 10 hadi 12 ni marefu; hesabu mikwaju mitano kwa kila moja uridhike.

La 15 ndilo huharibu hesabu za watu kwenye kadi. Grini imepanda takribani futi 50 juu ya njia, na kila futi tatu za kupanda huongeza kama yadi moja. Umbali ukikuambia aini 8 (fimbo ya chuma), shika aini 6 inayopiga mbali zaidi. Wengi huhesabu yadi za chini tu, mpira ukapungukiwa, ukabaki kwenye majani mazito ya mlimani ambako shingo ya fimbo hunaswa. Grini hiyo ndiyo yenye miinamo mikali kuliko nyingine, hivyo bora mpira ubaki upande wa chini wa bendera kuliko upande wa juu.

La 17 ni la mikwaju mitatu, ila grini yake ni pana bila kina na ina mgongo katikati. Angalia kwanza bendera iko nusu ipi, kisha ulenge nusu hiyo tu.

Ukiwa mchangani, pale mabanka ni marefu kwenda chini: fungua uso wa weji, utoke kwanza, hata kwa pembeni.

Niandikie ukishapata nafasi ya kucheza, nikutumie na mpangilio wa tii nyeupe shimo kwa shimo.

Wako,
Hamisi