Safari ya maonyesho ya sanaa ianzie njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo kurasa za sanaa za magazeti yetu hulipita bila kulitupia jicho. Habari za maonyesho ya sanaa zinapoandikwa, msomaji huelezwa ni nani aliyeyafungua, wageni waalikwa walikuwa akina nani, na picha iliyopata bei kubwa kuliko zote iliuzwa kwa kiasi gani; ni nadra kuelezwa kwamba akisimama mbele ya kazi fulani ataona nini, na ni nadra zaidi kuelezwa kwamba njia ya kwenda ukumbini, ikiendwa kwa miguu, ina mengi ya kutazamwa kwa jicho lile lile. Hoja yangu ni kwamba kutazama ukumbini na kutazama mtaani ni zoezi moja, na anayeyatenganisha hupungukiwa na raha ya yote mawili.

Nianze na ukumbi. Watafiti waliowapima watazamaji kwa saa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Metropolitan, New York, walichapisha matokeo yao mwaka 2001, nayo yalionyesha kwamba mtu hukaa mbele ya kazi moja ya sanaa kwa wastani wa sekunde 27. Wastani huo wenyewe ulipandishwa na wachache waliotulia kwa muda mrefu, kwa kuwa nusu ya waliopimwa walikaa sekunde 17 au chini ya hapo. Sidhani kwamba sababu ni uvivu. Majumba makubwa hukusanya vitu vingi mno mahali pamoja, na aliyelipa kiingilio huona ni hasara kutoka kabla hajapita kila chumba. Matokeo yake ni kuchoka miguu na macho, na akiulizwa jioni ameona nini hukumbuka msongamano. Afadhali mtu achague kazi tatu au nne tu. Aitazame kila moja kabla ya kusoma kibao cha maelezo, asogee karibu mpaka aone mahali brashi ilipokimbia na mahali iliposita, arudi nyuma, ajiulize mwanga wa pichani unatoka upande gani na kwa nini mkono ule umewekwa vile, kisha ndipo asome jina la msanii na mwaka. Kibao kikisomwa kwanza, macho huishia kuthibitisha yaliyoandikwa.

Udadisi wenyewe watu wanao, ila husubiri sababu ya kuamshwa. Tarehe 21 Agosti 1911 picha ya Mona Lisa iliibwa katika jumba la Louvre, Paris, na mtu aliyewahi kufanya kazi humo humo. Jumba lilipofunguliwa tena, umati ulijipanga kwenda kutazama pengo lililobaki ukutani, na miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakuwahi kwenda kuiona picha yenyewe ilipokuwapo. Wengi huwacheka watu wale. Mimi nawaona walikuwa wamefanya jambo la maana, kwa kuwa walisimama mbele ya ukuta mtupu na kujiuliza kwa nini uko vile.

Swali hilo ndilo mtembeaji wa mjini anapaswa kulibeba. Mtu anayepita mbele ya nyumba za zamani za London huona hapa na pale dirisha lenye umbo kamili la dirisha, lakini limezibwa kwa matofali. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha kuanzia mwaka 1696 mpaka 1851, na kwa kuwa madirisha yalihesabiwa kwa kutazama nyumba kutoka nje, baadhi ya wenye nyumba waliona heri kuziba mwanga kuliko kuulipia. Hata hivyo, si kila dirisha lililozibwa ni la kodi, maana wajenzi wengine waliweka dirisha la uongo tangu mwanzo ili upande mmoja wa nyumba ulingane na mwingine, na anayetaka kujua lipi ni lipi hana budi kuchunguza kama matofali ya kuzibia yanafanana na ya ukuta. Uchunguzi wa namna hiyo hautofautiani na ule wa kutafuta mahali mchoraji alipobadili nia yake na kupaka rangi juu ya rangi.

Aliyelifanya jambo hili kwa bidii kuliko wote ninaowafahamu ni msanii wa Japani, Akasegawa Genpei, aliyefariki mwaka 2014. Mwaka 1972, katika mtaa wa Yotsuya mjini Tokyo, yeye na wenzake waliona ngazi fupi iliyopanda kando ya jengo, ikafika juu, kisha ikateremka, pasipo mlango wowote pale juu. Ngazi ya kwenda pasipo mahali ingetosha kuwachekesha wapita njia, lakini Akasegawa aliona jambo la ziada: sehemu ya kishikilio chake ilikuwa imeharibika na mtu ameitengeneza kwa mbao mpya. Kuna aliyeigharimia ngazi isiyo na kazi! Tangu hapo akaanza kukusanya vitu vya aina hiyo, na kigezo chake kilikuwa kikali: kitu kiwe hakina matumizi tena, na wakati huo huo kiwe kinatunzwa. Baadaye akavipa vitu hivyo jina la Thomasson, mchezaji wa besiboli kutoka Marekani aliyelipwa fedha nyingi na timu ya Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 huku akiukosa mpira mara nyingi, yaani naye alitunzwa bila kuwa na kazi; kulitumia jina lake hivyo nadhani kulikuwa ukatili kidogo kwa mchezaji huyo. Mwaka 1986 Akasegawa na wenzake, miongoni mwao mtaalamu wa historia ya majengo Fujimori Terunobu, waliunda chama cha kuchunguza mambo ya mitaani, kwa utaratibu na uzito ule ule ambao wengine huutumia kuchunguza ndege au mimea.

Najua kuna atakayeuliza: ikiwa ngazi ya mtaani yatosha, ukumbi wa maonyesho ni wa nini? Sikubaliani na wanaosema kwamba kila kitu ni sanaa. Ngazi ile haikukusudiwa na mtu kutazamwa, ilhali kazi iliyo ukumbini imepita katika mkono uliochagua na kukataa mara nyingi. El Anatsui, mchongaji mzaliwa wa Ghana aliyefundisha kwa miaka mingi Nsukka, Nigeria, aliokota mfuko wa vizibo vya chupa za pombe mwishoni mwa miaka ya 1990, akavipondaponda na kuvibana, akaviunga kwa waya wa shaba mpaka vikawa mapazia makubwa ya chuma yanayokunjika kama kitambaa. Mwaka 2007 pazia mojawapo lilitundikwa mbele ya jumba la Fortuny mjini Venice, na mwaka 2023 mengine yalijaza ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London. Vizibo vile vilikuwa vimetupwa kabla ya kuokotwa. Aliyetembea akivitazama vitu vya chini atalielewa pazia hilo haraka zaidi, na aliyelitazama vizuri pazia hilo hatapita tena juu ya vizibo kama zamani. Ndiyo maana nashikilia kwamba ukumbi na mtaa vinahitajiana.

Neno moja la tahadhari. Watu si maonyesho, na udadisi haumpi mtembeaji ruhusa ya kumpiga picha mtu aliyekaa mlangoni pake au kuchungulia uani kwake. Jengo, alama na kifaa cha barabarani vyatosha. Simu nayo ikae mfukoni mpaka macho yamalize kazi yao.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, Mhariri, lijaribu mambo machache. Badala ya kuorodhesha kazi 40 za maonyesho fulani, mwandishi achague moja na aieleze kwa aya kadhaa, ili hata msomaji asiyeweza kufika aione. Ataje kama kiingilio kinatozwa, saa ambazo ukumbi hauna msongamano, na njia ya kufika kwa miguu pamoja na kitu kimoja cha kutazamwa njiani, kikiwa na maelezo ya asili yake yaliyothibitishwa, si hadithi za vijiweni. Pakipatikana nafasi ndogo chini ya ukurasa, wasomaji waalikwe kuleta picha ya jambo la mtaani wasilolielewa, na mwenye kulijua awajibu wiki inayofuata. Nina hakika maswali hayatakosekana.

Wako katika usomaji,
Msomaji na mtembeaji