Karatasi Uliyoifunga Pindoni mwa Leso

Binti ami,

Assalaam alaykum. Ulipopita kwangu mtaani Mkomani, hapa Lamu, ukafungua pindo la leso, nilidhani wanitolea pesa za mchezo. Kumbe karatasi ya maabara, imekunjwa mara nane hata tarakimu za hemoglobini, ile chembechembe nyekundu ya damu ibebayo hewa, zaanza kufutika: 11.3. Ukaniuliza: "Homa imeniisha, ya nini kurudi kutobolewa tena?" Wageni wakaingia, sikukujibu. Nakujibu hapa, na wengine kama wewe wasome.

Kwa mwanamke asiye na mimba, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu; 11 hadi 11.9 ni upungufu mdogo. Hujafika pa kuongezwa damu, na wale waliokwisha kuiita safura wamekimbilia mbele. Lakini ulipimwa lini? Siku ya nne ya homa! Malaria hupasua chembe nyekundu. Hata homa isiyo malaria huufanya mwili ukifungie chuma ghalani, vijidudu visikipate, na damu mpya ikapungua kutengenezwa. Kupima siku ile ni kama kuhesabu vyombo vya jikoni katikati ya walima: hujui kipi kimepotea na kipi kiko kwa jirani.

Ndiyo maana ukaambiwa urudi baada ya wiki nne. Ikiwa imepanda, ilikuwa homa. Ikiganda pale pale au kushuka, basi kuna jambo lililotangulia: minyoo, chuma haba, seli mundu ya kurithi, au hedhi nzito (sisemi ya nani). Waulize pia kuhusu feritini, akiba ya chuma. Hiyo nayo hupanda mtu akiwa na homa, ghala tupu likaonekana limejaa. Kwa hiyo usiikimbilie kabla hujapoa sawasawa. Na kile kipimo cha malaria cha haraka chaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona. Kikionyesha, omba damu itazamwe kwa hadubini kabla hujanunua dawa tena.

Juisi ya bitiruti unajitesa bure. Wekundu wake si damu. Kula maini, dagaa, kunde na mchicha, ukamulie ndimu. Ila chai yako ya hiliki, mashallah, usiishushe juu ya chakula. Hukizuia chuma, hasa cha kunde na mboga. Ngoja walau saa moja. Najua hapo ndipo tutakapogombana.

Ukipanda zile ngazi zenu zilizosimama kama mnazi ukahema kupita kawaida, moyo ukakwenda mbio au kizunguzungu kikakushika, usingoje wiki nne. Nenda siku hiyo hiyo.

Vinginevyo, Jumatano saa mbili asubuhi nitakupitia Langoni, kabla punda wa mchanga hawajaziba njia. Uje na karatasi ile ya kwanza, waiweke kando ya mpya. Na itoe pindoni leo, uitie kitabuni, kabla hujaifua na leso.