Kwa kina baba wenzangu wa kijiweni, Magomeni

Ndugu zangu,

Juzi jioni, kahawa ikiwa bado ya moto, mwenzetu mmoja alitoa kitabu ndani ya koti kama polisi aliyeshika kidhibiti. Kamnyang'anya binti yake wa kidato cha tatu. "Rosa Mistika!" Mkaguna wote. Mimi nikashika kashata yangu, kimya. Nilikuwa na sababu.

Kitabu hicho, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, kilitoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni. Kwa hiyo tulikisoma wote. Cha kwetu bwenini hakikuwa na jalada, tumekivika gazeti, zamu yako ni usiku mmoja, na kurasa zinanuka mafuta ya taa. Nisiwadanganye, tulikuwa tunawinda mapenzi. Tukayapata, tukacheka, tukakipitisha kitanda cha pili.

Nilikiona tena uzeeni, kwenye vitabu vya mitumba pale Posta. Nina mabinti watatu wakati huo. Safari hii aliyenikamata si Rosa, binti wa hadithi yenyewe, ni baba yake. Zakaria si zimwi. Ni mwanamume wa Ukerewe unayeweza kukaa naye benchi moja: mkali kwa binti, mlegevu kwa pombe, na nyumba kaibeba Regina, mkewe. Anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana.

Barua, jamani! Nami niliwahi kumchania mwanangu barua mbele ya wadogo zake, hata sikuisoma. Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia mfukoni mwa sketi. Toka siku ile mpaka anaolewa, mambo yake nilikuwa nayasikia kwa mama yake.

Basi kitabu kirudi kwa mwenyewe. Lakini kisome kwanza, na usikisome kwa kutafuta matusi, utayakuta hayo tu. Sikiliza nyumba ile inavyoongea, nani ananyamaza baba akiingia. Mwisho wake ni mchungu. Usimhadithie binti, aufikie mwenyewe. Akimaliza, usimtungie mtihani wa "umejifunza nini?" Muulize amemwonea nani huruma, halafu vumilia jibu.

Na wewe mwenye koti, kama unaona haya kukisoma nyumbani, njoo nacho kesho baada ya Alasiri. Nitakaa nawe, kahawa juu yangu.

Mzee mwenzenu,
wa benchi la ukutani