Malalamiko: mmetuuzia mgodi wa Kutná Hora siku ambayo mgodi umefungwa

Habari za kazi. Hii inahusu ile safari ya siku moja ya Kutná Hora kutokea Prague, ile mliyotuongezea juu ya pakeji ya Ulaya tuliyolipia ofisini kwenu Dar. Dada wa mapokezi kaniambia malalamiko yanapokelewa kwa maandishi tu, haya ndo hayo.

Tangazo lenu bado ninalo kwenye simu. Mmeandika tutashuka chini ya ardhi kwenye mgodi wa fedha wa karne za kati na mmeweka picha ya watu wamevaa makoti meupe, helmeti na taa. Picha hiyo ndo iliyonitoa euro 85 za ziada, hakuna kingine. Mimi nimekulia Mererani, baba alikuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa migodi ya tanzanite ya pale, nikasema ngoja nikaone hawa wa miaka mia saba iliyopita walikuwa wanaingiaje shimoni bila kompresa wala baruti. Tumefika Hrádek, kwenye makumbusho ya fedha ambapo ndo mnapoanzia kuingia mgodini, mlango umefungwa. Jumatatu! Jumatatu pale hawafungui, iko mpaka kwenye tovuti yao, sasa nyie mnaouza safari hiyo mlishindwaje kuangalia? Mwongozaji wenu wala hakushtuka, akasema leo tutauona kwa nje. Mgodi unauonaje kwa nje jamani.

Bas, nikajua muda uliobaki tutaufidia kwingine, kumbe wapi. Kanisa la mifupa la Sedlec, lenye mifupa ya watu kama elfu 40, tumepewa dakika za kuhesabu, alafu duka la kristali tukakaa mpaka wamama wakaanza kusinzia kwenye viti (hilo duka mnalipwa kamisheni, msinifanye mtoto). Na pale Sedlec mwongozaji anatuambia ile mifupa ni ya wanajeshi wa vita ya pili ya dunia. Sio kweli! Ni watu waliokufa kwenye tauni ya karne ya 14 na vita vya dini vya Wahussi karne ya 15, na aliyeipanga vile mpaka ikawa taa ya kuning'inia ni fundi anaitwa František Rint, mwaka 1870, jina lake kaliandika palepale ukutani kwa mifupa hiyohiyo. Mtu anasimama chini ya hilo jina anatudanganya.

Vlašský dvůr, jengo la zamani la kugongea sarafu, tumeipita tu, kaionyesha kwa kidole akasema ni benki ya zamani. Pale ndo mfalme Václav wa Pili alipoanza kugonga sarafu za groši kuanzia 1300 kwa fedha iliyotoka kwenye mashimo ya hapohapo mjini, yaani sababu yote ya ule mji kuwepo iko pale, na sisi hata kushuka kwenye gari hatukushuka.

Kilichoniponya ni kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, na hapo sina deni na nyie maana mwongozaji alibaki nje anaongea na simu. Ndani kuna sanamu ya mchimbaji kavaa koti jeupe. Wachimbaji wa kule walikuwa wanafunga na kipande cha ngozi nyuma, wanakikalia wanateleza nacho mpaka chini shimoni. Nimesimama pale mpaka nikaja kuitwa, nikiwaza baba angeona angecheka sana, wao kule Mererani ilikuwa kamba na miguu. Sasa mtu wa namna hii ndo mnamnyima kushuka mita thelathini na kitu akaone mwenyewe?

Ninachotaka ni hiki. Euro 85 zirudi, kwangu na kwa wote tuliokuwa kwenye lile gari, kwa njia ileile tuliyolipia. Ile ofa ya punguzo kwenye safari ijayo mliyonitumia WhatsApp siitaki, sina mpango wa safari ijayo na nyie. Alafu tangazo lile ama mtoe picha ya mgodi ama muache kuuza Jumatatu, na miezi ya baridi pia maana kuanzia Desemba mpaka Machi makumbusho hiyo inafungwa kabisa na nimeona mnaendelea kuitangaza.

Risiti na picha ya mlango uliofungwa nimeambatanisha. Mnijibu kwa imeili, voisi noti sisikilizi.