Geti la chuma halifai mbele ya daka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wakaazi wa Mji wa Kale wa Lamu, na hasa wale wenye mamlaka ya kutoa vibali vya ujenzi.

Katika kichochoro nilichozaliwa, mtaa wa Mkomani, nyumba moja iliyouzwa hivi karibuni imewekewa geti la chuma mbele ya daka lake, yaani ukumbi mdogo ulio wazi mbele ya mlango wa njiani. Baraza mbili za mawe zilizokuwa kulia na kushoto kwa mlango sasa zimo nyuma ya geti hilo, zimefungiwa kwa kufuli. Mpita njia ataona mlango wa nakshi ungali pale na ukuta umepakwa chokaa upya, na pengine atamsifu mwenye nyumba kwa kuitunza. Mimi nasema nyumba hiyo imevunjwa.

Nyumba ya mawe ya Lamu haikujengwa ili itazamwe kutoka nje. Ukuta wake wa njiani ni mtupu, na pambo lake ni mlango tu. Uzuri wenyewe umewekwa ndani, na kila hatua ya kuelekea huko ina mpaka wake. Asiyejulikana huishia dakani, akakaa barazani, akaletewa kahawa na kusikilizwa haja yake. Anayejulikana hupita tekani, kipito cha nyuma ya mlango, ambako njia hukunjwa makusudi ili aliye nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani, hata mlango ukiwa wazi. Baada ya kiwanda kuna misana, vyumba virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulipimwa na boriti za mkoko, ambazo hazifiki mita 3, kisha chumba kiitwacho ndani, penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizochongwa kwa chokaa, mahali pa mwanamke mwenye nyumba na pa bibi arusi. Dini na mila zinatutaka tumkirimu mgeni, na zinatutaka pia tuistiri nyumba. Wazee wetu hawakuchagua moja wakaacha jingine, bali walijenga daka, ambalo ni la mwenye nyumba na papo hapo ni la mtaa.

Wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro, nalo lina maana ya aina hiyo. Ilikuwa desturi baba kumpa binti yake nyumba au ghorofa anapoolewa, karibu na kwao, na wikio liliwaunganisha ndugu waliotenganishwa na njia. Bibi yangu alivuka wikio kila siku kwenda kwa dada yake bila kukanyaga njia, na chini yake watu wakiendelea kupita kivulini na punda wao. Anayelitazama wikio kama daraja la kupendezea picha hajaambiwa kwamba hapo pana udugu.

Mji huu ulitangazwa turathi ya taifa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tunashukuru, kwani bila hatua hizo huenda hata kuta zisingekuwepo. Hata hivyo mazungumzo yetu ya uhifadhi yameelemea mno kwenye milango ya nakshi, kana kwamba utambulisho wa Waamu, watu wa Lamu, ni mbao, ilhali mlango waweza kung'olewa ukapachikwa hotelini popote duniani ukabaki mzuri vilevile. Daka haling'oleki. Lina maana pale tu lilipo, na pale tu linapokuwa wazi.

Najua wenye nyumba wanalalamika juu ya wezi, takataka na vijana wanaokesha barazani, na malalamiko hayo si ya uongo. Wengine hawaishi hapa, na nyumba zao hukaa miezi bila mtu. Lakini mpaka wa nyumba ni mlango wenyewe, mbao nzito na komeo nyuma yake, na anayetaka ulinzi zaidi aongeze kufuli hapo au aajiri mlinzi, asiwanyang'anye majirani kikao chao.

Kwa hiyo naiomba Serikali ya Kaunti ya Lamu, pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ziweke wazi katika masharti ya vibali kwamba daka na baraza zake hazizibwi kwa geti, ukuta wala kioo, na kwamba waliokwisha kuziba wapewe muda maalumu wa kuondoa walichojenga. Ukaguzi uanzie vichochoro vya Mkomani, nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambako mageti yanaongezeka na wazee wanaotoka swala ya alasiri wamebaki kuzungumza wima, wameegemea ukuta.

Mkaazi wa Mkomani,
Lamu